Ganda, Kaka na Kirusi: Uhakiki wa Istilahi za Protini za Virusi Zinazozalishwa Ndani ya Bakteria, kwa Kurejelea Kibaha na Kisarawe

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi za Kiswahili zinazohusu uzalishaji wa protini za ganda la kirusi ndani ya bakteria kwa lengo la kuchunguza antijeni. Uhakiki umeongozwa na vigezo vya PEGITOSCA, na umerejelea mazingira ya wilaya za Kibaha na Kisarawe, ambako maabara ya chanjo, banda la kuku na shamba la muhogo haviko mbalimbali. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa istilahi hizi hautokani na uhaba wa maneno. Unatokana na kuziteua moja moja bila kulinda tofauti iliyo muhimu kuliko zote kwa msikilizaji, yaani tofauti kati ya kirusi kamili, ganda lake lililo tupu, na kipande tu cha ganda hilo. Makala yanapendekeza seti ya istilahi inayoilinda tofauti hiyo na kuonesha mipaka yake.

1.0 Utangulizi

Wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, zinapakana, na wakazi wake wanaishi karibu na sayansi ya virusi kuliko inavyodhaniwa. Kibaha kuna taasisi ya chanjo iliyo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), inayozalisha chanjo za mifugo, ikiwamo chanjo ya kideri inayostahimili joto. Kuna pia kituo cha utafiti wa kilimo chenye historia ndefu katika utafiti wa miwa, pamoja na kiwanda cha viuadudu vya kibayolojia kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Kiwandani humo bakteria hukuzwa katika matangi, na protini wanazozitengeneza ndizo zinazoua viluwiluwi vya mbu. Kwa upande wa Kisarawe, kuanzia mjini hadi Maneromango na Mzenga, muhogo ni chakula na ni fedha, na kuku wa kienyeji ni akiba ya kaya.

Katika mazingira hayo, mtu mmoja anaweza kukutana na virusi kwa njia tatu ndani ya mwaka mmoja. Kuku wake wanaweza kushikwa na kideri au Gumboro. Muhogo wake unaweza kuonekana mzuri kwa majani na kumbe mizizi imeoza kwa ugonjwa wa michirizi kahawia. Binti yake anaweza kuchanjwa shuleni dhidi ya virusi vya papiloma vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, chanjo iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 na ambayo tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa Gumboro, michirizi kahawia na papiloma, mbinu moja ya maabara inaweza kutumika: kuchukua jeni ya ganda la kirusi, kuipandikiza ndani ya bakteria, na kuwaacha bakteria wazalishe protini ya ganda hilo. Kwa kideri, kama itakavyoonekana, jibu ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo ina uzito katika uteuzi wa maneno.

Tatizo linaanza pale mbinu hiyo inapoelezwa kwa Kiswahili. Sentensi inayofuata muundo wa Kiingereza neno kwa neno ingesomeka hivi: “Protini za koti la virusi zilielezwa katika bakteria ili kuchunguza antijeni zake.” Kisarufi sentensi hii haina kosa. Kimaana inamwambia msikilizaji kwamba protini zilifafanuliwa zikiwa ndani ya bakteria, kwamba virusi huvaa koti, na kwamba mahali fulani pana virusi na bakteria waliowekwa pamoja kwa makusudi. Mzazi anayetakiwa kuridhia chanjo ya binti yake hawezi kulaumiwa akiisikia sentensi hiyo kama habari ya magonjwa mawili yaliyochanganywa katika chupa moja.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu umetumia vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi, mwanaisimu wa Uganda, kwa ajili ya kutathmini istilahi. Jina hilo ni kifupisho cha vigezo tisa: usahihi, iktisadi, uzalishi, ukimataifa, uangavu, kuepuka lugha ya aibu, mfumo, uthabiti na ukubalifu. Vigezo hivi vimewafaa wahakiki wa istilahi za Kiswahili kwa sababu vinawaondoa katika mabishano ya upendeleo, yaani nani anapenda neno la mkopo na nani anapenda neno la Kibantu, na kuwapa maswali yanayoweza kujibiwa.

Hata hivyo, vigezo hivi vina pengo linalojitokeza wazi katika uwanja wa virolojia. Vinaorodheshwa kana kwamba vina uzito sawa kila mahali. Istilahi inayoishia kwenye daftari la maabara inaweza kuvumilia uhaba wa uangavu, kwa kuwa watumiaji wake wamefundishwa maana yake. Istilahi inayofika kwenye mkutano wa kijiji haina mwalimu wa kuiambatana, na msikilizaji ataifasiri kwa maneno anayoyajua. Hapo uangavu unageuka kuwa upanga wenye makali kuwili, kwa kuwa istilahi angavu lakini isiyo sahihi hupotosha haraka kuliko istilahi isiyoeleweka kabisa. Asiyeelewa neno huuliza. Anayedhani amelielewa haulizi. Kwa sababu hiyo, makala haya yanachukua msimamo kwamba usahihi unapaswa kutangulia vigezo vingine, na usahihi unaohusika ni ule wa kutaja kipi kinaweza kuambukiza na kipi hakiwezi.

3.0 Jambo Linalopewa Majina

Kabla ya kuhakiki majina, ni lazima jambo lenyewe lieleweke. Kirusi kina sehemu kuu mbili: maelekezo ya urithi, ambayo ni DNA au RNA, na ganda la protini linaloyafunika. Baadhi ya virusi vina utando wa mafuta juu ya ganda hilo, vingine havina. Ganda hujengwa kwa nakala nyingi za protini chache zinazopangika zenyewe. Ganda la kirusi cha papiloma, kwa mfano, hujengwa kwa nakala 360 za protini iitwayo L1, zilizogawanyika katika mafungu 72 ya nakala tano tano. Ganda la kirusi cha Gumboro hujengwa kwa nakala 780 za protini iitwayo VP2.

Mtafiti anayetaka kujua ni sehemu gani ya ganda inayotambuliwa na kinga ya mwili hahitaji kirusi chote. Huchukua jeni moja inayobeba maelekezo ya protini ya ganda, huipachika katika plasmidi, ambayo ni duara dogo la DNA, kisha huingiza plasmidi hiyo katika bakteria, mara nyingi Escherichia coli. Bakteria hao hukuzwa katika mchuzi wa virutubisho, huchochewa kwa kemikali, nao huanza kuzalisha protini ambayo kwa asili si yao. Baadaye hupasuliwa na protini husafishwa. Protini hiyo hukutanishwa na seramu ya mnyama aliyewahi kuugua au kuchanjwa, ili kuona kama kingamwili zilizomo zitaishika. Katika kazi yote hiyo, baada ya jeni kunakiliwa, kirusi chenyewe hakipo. Jeni moja ya ganda haiwezi kuzaa kirusi, kama ambavyo ramani ya ukuta mmoja haiwezi kuzaa nyumba.

Mbinu hii ina udhaifu unaojulikana. Protini ni mnyororo wa asidiamino unaojikunja na kupata umbo, na mara nyingi kingamwili hutambua umbo kuliko mfuatano. Bakteria wanapolazimishwa kuzalisha protini ngeni kwa wingi, mara nyingi minyororo hiyo hushikamana na kuwa mabonge yasiyoyeyuka. Protini ni ileile kwa mfuatano lakini si ileile kwa umbo. Wanaisimu wana uzoefu wa jambo la namna hii: fonimu zilezile, zikipangwa vingine, hazitoi neno lilelile.

Historia ya mbinu hii inaonesha pande zote mbili. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo iliyotokana na protini moja ya ganda iliyozalishwa katika E. coli. Ng’ombe na nguruwe waliochanjwa walipata kinga, lakini ilidhihirika baadaye kwamba protini hiyo peke yake huamsha kinga hafifu ikilinganishwa na ganda kamili. Kwa upande mwingine, chanjo ya homa ya ini aina ya E iliyoidhinishwa China mwaka 2011, na chanjo ya papiloma iitwayo Cecolin iliyoidhinishwa huko mwaka 2019, zote zinatokana na protini za ganda zilizozalishwa katika E. coli na kufaulu kujipanga upya zikiwa na umbo linalofaa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka Cecolin katika orodha ya chanjo zilizothibitishwa. Chanjo nyingine ya papiloma, Gardasil, huzalishwa katika hamira, ya jamii ileile inayoumua mkate na maandazi.

4.0 Uhakiki wa Istilahi

4.1 Kirusi na Bakteria

Neno virusi liliingia katika Kiswahili likiwa na silabi ya kwanza inayofanana na kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI. Wazungumzaji wakalichukulia kuwa ni wingi na wakazalisha umoja wake, kirusi. Wapo wanaoona umbo hilo ni kosa, na wapo wanaokumbusha kwamba Kirusi ni jina la lugha ya Warusi. Kwa kigezo cha mfumo, umbo hilo halina kosa: lugha imelipokea neno geni na kulipa makazi katika ngeli iliyo tayari, ngeli ambayo pia hubeba dhana ya udogo. Herufi kubwa na muktadha vinatosha kulitenga na jina la lugha.

Lililo muhimu zaidi ni upatanisho wa kisarufi. Katika Kiswahili, kiumbe hai aliyeingia katika ngeli ya KI-VI kwa umbo la jina lake huchukua upatanisho wa viumbe hai: kifaru anakimbia, kiboko amezama. Kirusi hakikupewa heshima hiyo. Husemwa virusi vinaenea, wala si virusi wanaenea. Sarufi ya wazungumzaji imekiweka kirusi upande wa vitu, jambo linalokaribiana na maoni ya wanabiolojia wengi kwamba kirusi nje ya seli hakina uhai wa kujitegemea. Kuhusu bakteria, matumizi yanayumba kati ya bakteria wanazaliana na bakteria zinazaliana. Kwa kuwa bakteria ni viumbe hai kamili, upatanisho wa A-WA ndio unaostahili kushikiliwa, na una faida ya ziada: katika sentensi moja, sarufi yenyewe itatenga mfanyakazi aliye hai na kitu kinachotengenezwa.

Lugha ya kila siku inazifuta tofauti hizi kwa neno moja, vijidudu. Neno hilo lina ukubalifu mkubwa na iktisadi, lakini kwa usahihi linashindwa. Pale kazi ya bakteria ni kuzalisha kitu cha manufaa, kuwaita vijidudu ni kuwatia hatiani kabla ya kusikilizwa. Kibaha inatoa ushahidi wa kupinga tabia hiyo. Kiwanda cha viuadudu kinawatumia bakteria kama wazalishaji, na umma umeambiwa hivyo bila kuficha. Mwandishi wa matini ya chanjo anaweza kuanzia hapo: bakteria wa maabara wanazalisha protini kama bakteria wa kiwanda hicho wanavyozalisha sumu ya viluwiluwi.

4.2 Kapsidi, Koti na Ganda

Kwa ganda la kirusi, istilahi tatu zinashindana. Ya kwanza ni kapsidi, neno la mkopo. Lina ukimataifa na usahihi, na linafaa katika tasnifu na vitabu vya vyuo. Halina uangavu wowote kwa asiyesoma biolojia. Hilo si dhambi, mradi lisiachwe peke yake linapotoka nje ya chuo.

Ya pili ni koti. Neno hili limekuja kwa kufuata Kiingereza, hasa katika virolojia ya mimea. Koti huvaliwa na mtu aliyekuwapo kabla ya kulivaa, na akilivua anabaki yuleyule. Kirusi kikivuliwa ganda si kirusi kamili tena. Hata hivyo, haki inadai kukiri kwamba sitiari hii ina sehemu ya ukweli: kirusi kinapoingia katika seli, ganda huachwa na maelekezo ya urithi huendelea na kazi. Koti linaeleza tukio hilo moja vizuri, na mengine yote vibaya.

Ya tatu ni ganda. Ganda la yai, ganda la karanga na maganda ya muhogo yanajulikana katika kila jiko la Pwani. Neno hili linabeba dhana ya kitu kinachofunika na kulinda kilichomo, na ni sehemu ya kitu chenyewe. Kwa uangavu, ukubalifu na uzalishi linawashinda washindani wake: ganda la kirusi, protini ya ganda, jeni ya ganda.

Pamoja na ubora huo, ganda halikamilishi kazi. Chanjo ya papiloma haina kirusi. Ina maganda ya L1 yaliyojipanga bila chochote ndani. Ikiitwa “chanjo yenye ganda la kirusi,” msikilizaji anaweza kufikiri kwamba kirusi kiko ndani ya ganda hilo, kama yai zima lilivyo na ganda. Hapa Kiswahili kina neno ambalo waundaji wa istilahi hawajalitumia ipasavyo. Ganda la yai au tunda lililobaki tupu huitwa kaka: kaka la yai, kaka la limau. Kaka la kirusi, kwa hiyo, ni ganda lililojengeka kamili na lisilo na maelekezo ya urithi. Neno hilo linasema kwa silabi mbili jambo ambalo matini za chanjo hulieleza kwa sentensi nzima: kaka halianguliwi.

Pingamizi moja linatarajiwa, nalo ni kwamba kaka pia ni ndugu wa kiume. Pingamizi hilo lina uzito mdogo kwa sababu upatanisho unazitenga maana hizo mbili: kaka yake na kaka lake hazichanganyiki. Neno jingine linaloweza kufikiriwa ni kifuu, ganda gumu la nazi iliyokwisha kukunwa. Kifuu kina picha nzuri kwa watu wa Pwani, lakini kimefungwa mno kwenye mnazi, na kwa kawaida ni nusu ya ganda, ilhali kaka la kirusi ni zima. Kaka linabaki kuwa chaguo bora.

Istilahi ya tatu katika seti hii inapaswa kuwa protini ya ganda, ikimaanisha kipande cha ujenzi kabla hakijajipanga. Tofauti kati ya protini ya ganda na kaka si ya kitaaluma tu. Chanjo ya mwaka 1981 ya ugonjwa wa miguu na midomo ilikuwa na protini ya ganda. Chanjo ya Cecolin ina kaka. Anayeziita zote mbili kwa jina moja hawezi kueleza kwa nini moja iliamsha kinga hafifu na nyingine imefaulu.

Nazi hiyohiyo iliyokataliwa inafaa kwa jambo jingine. Nazi ina kifuu, na juu ya kifuu ina kumbi. Virusi vyenye utando vina tabaka la nje namna hiyo, na kirusi cha kideri ni kimojawapo: protini zake zinazotambuliwa zaidi na kinga zimechomekwa katika utando, si katika ganda. Kirusi cha Gumboro hakina utando, hivyo VP2 ya ganda ndiyo inayokutana na kinga moja kwa moja. Matini inayowaambia wafugaji kwamba “kinga hutambua ganda la kirusi” ni sahihi kwa Gumboro na si sahihi kwa kideri. Neno utando, kwa hiyo, halipaswi kuwa kisawe cha ganda kama linavyotumika wakati mwingine.

4.3 Antijeni na Kingamwili

Antijeni ni neno la mkopo lenye ukimataifa. Kasoro yake ni kwamba linasikika kama kitu kinachopinga jeni, na katika habari inayozungumzia jeni na antijeni kwa pamoja, mkanganyiko ni karibu wa lazima. Istilahi mbadala inayojitokeza ni kiamsha kinga. Ina uangavu, na inaingia vizuri katika familia ya maneno ya kinga ambayo umma wa Tanzania umeizoea tangu UKIMWI ulipopewa jina lake kutokana na upungufu wa kinga mwilini.

Muhogo, hata hivyo, unaiumbua istilahi hiyo. Ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kutokana na kazi iliyofanyika Amani, Tanga, na mfuatano wa jeni ya protini ya ganda la kirusi chake ulichapishwa mwaka 2001. Protini kama hiyo ikizalishwa katika bakteria, huweza kudungwa kwa sungura, na kingamwili za sungura hutumika kutengeneza kipimo cha kutambua pingili zilizoambukizwa. Protini hiyo ni antijeni, lakini haiamshi kinga ya muhogo. Muhogo hauna kingamwili. Aliyeamshwa kinga ni sungura. Mkulima wa Maneromango akiambiwa kwamba maabara imepata “kiamsha kinga cha kirusi cha muhogo,” atakuwa na haki ya kuuliza dawa hiyo inapuliziwa lini shambani. Kumbe alichopata ni kipimo, na faida yake ni kujua pingili ipi asiipande.

Kwa hiyo istilahi sahihi haipaswi kufungwa kwenye tendo la kuamsha. Lililo la kudumu katika kila antijeni ni kutambuliwa. Sehemu mahususi ya protini inayoshikwa na kingamwili inaweza kuitwa alama ya utambuzi, na neno antijeni libakizwe kwa molekuli nzima katika matini za kitaalamu. Istilahi kingamwili nayo inahitaji ulinzi. Mara hutumika kwa molekuli zinazoshika antijeni, mara kwa kinga ya mwili kwa ujumla. Kigezo cha uthabiti kinadai maana moja, nayo ni ile ya molekuli. Kwa mfumo mzima, kinga ya mwili inatosha.

Kirusi cha muhogo kinaonesha pia mpaka wa pendekezo la kaka. Si duara, ni uzi mrefu wa takribani nanomita 650, na protini za ganda zimeuzunguka uzi wa RNA kwa kujiviringisha, pasipo chumba cha ndani. Kwa virusi vya namna hiyo, protini ya ganda na ganda zinafaa, lakini kaka lina nafasi finyu. Istilahi nzuri haihitaji kufaa kila mahali. Inahitaji watumiaji wajue mahali inapoishia.

4.4 Kueleza Jeni na Kuchanja

Tafsiri za usemi wa jeni na kueleza protini zinashindwa kwa vigezo vyote isipokuwa iktisadi. Jeni haisemi, na protini haielezwi. Kiswahili kina kitenzi kuzalisha, ambacho kinatosha: bakteria walizalisha protini ya ganda. Kwa hatua ya awali, kitenzi kupandikiza kina mizizi katika kilimo, kwani miche hupandikizwa, na tayari kimepanuliwa hadi kwenye viungo vya mwili. Jeni iliyopandikizwa ni maneno yanayoeleweka Kisarawe na yanayovumilika chuoni.

Wanaohofia kwamba umma hauwezi kupokea upanuzi wa maana wanapaswa kulitazama neno chanjo lenyewe. Linatokana na kuchanja, yaani kutia chale ngozini. Leo mfugaji humwekea kuku tone moja la chanjo ya kideri jichoni, kila baada ya miezi mitatu, bila wembe wala sindano, na husema bila kusita kwamba amechanja kuku. Chale imetoweka, neno limebaki, na hakuna aliyepotoshwa, kwa sababu kiini cha maana, yaani kinga inayotangulia ugonjwa, hakikuguswa. Upanuzi unaohifadhi kiini hupokewa.

Mfano huohuo unaonesha pia hatari. Chanjo ya kideri inayotoka Kibaha ni chanjo hai: ndani ya tone pana kirusi kizima kilicho dhaifu. Mfugaji akizoea kwamba chanjo ni kirusi kilichopunguzwa makali, atakuwa sahihi kwa kuku wake, na ataipeleka maana hiyo hadi kwenye chanjo ya papiloma ya binti yake, ambako si sahihi. Hakuna aliyemdanganya. Lugha ndiyo iliyompa neno moja kwa vitu viwili. Uvumi juu ya chanjo hustawi katika nafasi ya namna hiyo.

5.0 Matokeo ya Uhakiki

Istilahi zilizoteuliwa zikitumiwa pamoja, sentensi iliyohakikiwa mwanzoni inaweza kuandikwa upya: “Jeni ya ganda la kirusi ilipandikizwa katika bakteria, nao wakazalisha protini ya ganda, ili watafiti wachunguze ni sehemu gani zake zinazotambuliwa na kingamwili.” Sentensi hii ni ndefu zaidi, hivyo imepoteza kwa kigezo cha iktisadi. Imefidia kwa usahihi. Kila tendo lina mtendaji wake, kirusi kimetajwa kama asili ya jeni na si kama kilichomo katika chupa, na hakuna neno litakalomsimamisha mkulima wala litakalomwaibisha mwanabiolojia.

Uhakiki umeonesha pia kwamba kuyumba kwa majina si aibu ya Kiswahili pekee. Protini ileile ya ugonjwa wa miguu na midomo iliyoripotiwa mwaka 1981 kwa jina la VP3 leo huitwa VP1 na watafiti haohao wa Kiingereza. Lugha zote za sayansi hurekebisha majina kadiri maarifa yanavyosogea. Kinachoitofautisha lugha iliyokomaa ni kuwa na utaratibu wa kufanya marekebisho hayo, na katika Tanzania jukumu hilo lina mwenyewe, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoanzishwa mwaka 1967, likisaidiana na vyuo vikuu.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamehakiki istilahi za uwanja mmoja mwembamba wa sayansi na kubaini kwamba kasoro zake kuu ni tatu: kufuata Kiingereza neno kwa neno, kutumia istilahi angavu zisizo sahihi, na kukosa jina la ganda tupu. Inapendekezwa kwamba kirusi kamili, kaka la kirusi na protini ya ganda zitumike kama seti isiyotenganishwa. Kwamba utando utengwe na ganda. Kwamba kapsidi na antijeni zibaki katika matini za kitaalamu zikiambatana na ufafanuzi. Na kwamba bakteria wapewe upatanisho wa viumbe hai.

Inapendekezwa pia kwamba istilahi za chanjo na vipimo, kabla ya kusanifishwa, zisomwe kwa sauti mbele ya watu zinaowahusu, katika vijiji vya wafugaji wa kuku na wakulima wa muhogo, na wasikilizaji waombwe kueleza kwa maneno yao kilichomo ndani ya chupa. Pale maelezo yao yatakapotaja kirusi mahali ambapo hakuna kirusi, istilahi irudishwe mezani, hata kama imetimiza vigezo vingine vyote.